Mabuti Yasilowe

Siku mtaa wetu ulipojaa maji, mke wangu alibeba kichwani makasha thelathini ya mabuti ya mpira. Alivuka nayo barabara mara thelathini, maji yakimfika magotini, na miguuni hakuwa na kitu. Pekupeku. Nilipoambiwa habari hiyo niliuliza mara tatu, na mara zote tatu jibu lilikuwa lile lile.

Kila kasha lilikuwa na jozi kumi. Hesabu hiyo hata mimi niliyeishia darasa la nne naiweza. Jozi mia tatu za mabuti ya kuzuia maji, zinaokolewa zisiguswe na maji, na anayeziokoa hana hata ndala.

Mke wangu alikuwa mfagizi wa ofisi ya mtaa. Watu walimwita Mama Funguo kwa sababu ya rundo la funguo alilolifunga kiunoni kwa kamba, akitembea unamsikia kabla hujamwona. Mabuti yaliletwa na wahisani wiki tatu kabla ya mafuriko, kwa sababu kila mtu aliyeangalia juu alijua mvua inakuja. Mwenyekiti wa mtaa akayafungia stoo. Alisema hayawezi kugawiwa hivi hivi kama pipi, lazima aje mgeni rasmi ayakabidhi, watu wapigwe picha. Mgeni rasmi akaahirisha mara ya kwanza. Akaahirisha ya pili. Mvua haikuahirisha.

“Mama Funguo,” nilimtania siku moja, “hebu niletee jozi moja niitazame soli yake.”

“Itazame ya nini? Hayajashonwa yale, yamemiminwa kwenye kalibu. Hayana kazi yako.”

“Basi niletee nivae.”

“Hayatoki.”

“Si ufunguo unao wewe?”

“Ufunguo ninao, baba. Ruhusa anayo Mwenyekiti.”

Tukacheka. Mungu anisamehe, tulicheka.

Sasa nieleze habari ya miguu yake. Mke wangu alikuwa na kisukari, mwaka wa saba huo, na nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi. Alikuwa anaweza kukanyaga kaa la moto akajua kwa harufu. Kliniki walimkataza asitembee peku hata ndani ya nyumba, hata kutoka kitandani kwenda mlangoni. Mimi ni fundi viatu, kwa hiyo nilimshonea vyake kwa mkono wangu. Vipana mbele vidole vikae kwa nafasi, ndani sponji nene, na mishono yote niliigeuza nje isimchubue. Nilivishona siku tisa. Sijawahi kushona kiatu kama kile kwa mtu yeyote, awe na cheo gani.

Lakini mdomo wangu nao una yake. Pale kwenye kibanda changu nilikuwa na msemo mmoja miaka yote: maji ni adui wa gundi. Mvua ikinyesha, wateja walipita mbele yangu peku, viatu mkononi, wananiinulia juu kama watoto wanaomwonyesha mwalimu daftari. “Fundi, umeona? Vikavu!” Nami nawapungia mkono. “Safi kabisa! Mguu unaoshwa, kiatu hakioshwi!” Mtaa mzima ulikuwa unausema. Mke wangu aliusikia miaka ishirini na sita.

Mvua ile ilinyesha siku mbili bila kupumua. Mtaro mkubwa wa mtaa wetu ulikuwa umepimwa, umechimbwa, umezinduliwa, halafu umesahauliwa, na takataka zilikuwa zimeuziba kama ugoro puani. Asubuhi ya siku ya tatu maji yakapanda barabarani. Yalikuwa meusi. Yalipita chooni kwa kila mtu kabla ya kufika mlangoni kwa jirani, na yalibeba mbao, mabati, chupa, na mambo mengine ambayo nikiyaandika hutamaliza chakula chako. Kibanda changu kilizama mpaka kwenye kiti. Nikarudi nyumbani, maana nyumba yetu iko upande ulioinuka, nikaketi sebuleni na viatu vya wateja nilivyowahi kuviokoa.

Mke wangu yeye alipigiwa simu. Akavaa viatu vyake, akaondoka.

Alirudi saa kumi alasiri. Nilikuwa nimeinamia kiatu, nashona kisigino, simtazami. Mtu wa kazi yangu haangalii sana, anasikiliza. Mtu akipita nje naweza kukuambia kisigino kipi kimeisha, upande gani, na kama anadaiwa kurudi kwangu. Sakafu yetu ni ya saruji. Nikamsikia anaingia.

Pwata. Ki. Pwata. Ki.

Nikacheka bila kuinua kichwa. “Leo umekwenda kwa fundi gani? Amekuachia msumari kwenye soli. Unagonga sakafu kama mbuzi kwenye mawe.”

“Fundi gani tena?” alisema. “Viatu hivi hapa.”

Nikainua macho. Viatu nilivyomshonea alikuwa amevifunga kwenye mfuko wa plastiki, amevibana kwapani. Vikavu kabisa. Miguu yake ilikuwa mitupu, matope mpaka gotini. Akapiga hatua nyingine kunijia.

Ki.

Sindano ilinitoka mkononi. Nikanyoosha mkono tu hivi, kama mtu anayezuia gari.

“Una nini wewe?” akaniuliza.

“Kaa chini.”

“Nimechoka, ndiyo, lakini mbona—”

“Kaa chini, mke wangu. Usikanyage tena.”

Alikaa kwenye stuli ya wateja. Nikaushika mguu wake wa kulia nikaugeuza, kama nilivyogeuza viatu maelfu. Katikati ya unyayo, karibu na kisigino, kulikuwa na kichwa cha msumari wa bati, kile kipana kama mwavuli. Kichwa peke yake. Msumari wenyewe ulikuwa ndani wote. Alikuwa ametembea nao sijui kutoka wapi, sijui safari ya ngapi kati ya zile thelathini.

“Kuna nini?” aliuliza.

“Kuna msumari.”

“Kwenye nini?”

“Kwenye wewe.”

Akainama akautazama. Halafu akasema neno ambalo mpaka leo linanisimamisha nikiwa katikati ya kazi. Alisema, “Mbona siumwi?”

Ndipo akanieleza. Maji yalikuwa yameanza kuingia stoo. Mwenyekiti alimwagiza ahamishe makasha yote kwenye darasa la shule, ng'ambo ya barabara, kwenye mwinuko. Mlinzi wa ofisi alisema mgongo unamuuma, akashika mlango. Mke wangu akamwomba Mwenyekiti amruhusu avae jozi moja, ya kubebea tu, akimaliza ataifuta na kuirudisha. Mwenyekiti akasema mabuti yasilowe. Mgeni rasmi hawezi kumkabidhi mwananchi buti lenye matope, picha itakuwaje?

“Na viatu vyako?”

“Nikavivua. Si wewe unasema maji ni adui wa gundi?”

Nilichukua koleo nikauvuta ule msumari. Ulitoka na kutu yake, mrefu kuliko kidole changu cha mwisho, na damu iliyofuata ilikuwa kidogo, nyeusi. Nikamwosha kwa maji ya ndoo. Halafu nikafanya nililolifanya.

Sisi mafundi viatu tukijikata na kisu hatutafuti bandeji. Tunatia tone la gundi kwenye jeraha, tunapuliza, tunaendelea na kazi. Vidole vyangu vina makovu kumi na zaidi niliyoyaziba hivyo na hakuna lililowahi kunisumbua. Kwa hiyo nilifungua kopo, nikachovya kijiti, nikalijaza lile tundu. Nikapuliza. Nikaongeza tone la pili juu yake lishike vizuri. Damu ikakata palepale.

“Umeniziba kama tairi,” alisema.

“Na hutavuja,” nikamjibu. Nilijisikia fundi kweli kweli.

Nilisema twende hospitali kesho. Kesho yake Mwenyekiti akampigia simu: mabuti yapangwe kwa saizi, mgeni rasmi anaweza kuja wakati wowote. Akavaa viatu vyake akaenda. Keshokutwa vilevile. Kila jioni nilimgeuza unyayo nikautazama. Gundi ilikuwa imekauka, inang'aa, safi. Hauumi? Hauumi. Sasa mguu uliokufa ganzi ukiuuliza kama unauma, utakujibu nini? Lakini mimi niliuliza, na jibu nililipokea.

Siku ya nne aliamka anatetemeka, meno yanagongana, na hakutaka chai. Nikamwita mdogo wake, shemeji yangu, anayeuza nguo mitaa miwili kutoka kwetu. Huyu ni mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kukata soli ya tairi. Aliingia, akanusa, akasimama.

“Shemeji, kuna panya amekufa humu ndani?”

“Hakuna panya.”

“Basi kuna kitu kimekufa.”

Akafunua shuka. Sikuwa nimewasha taa asubuhi ile, nilikuwa sijaona. Mguu ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa kama mpira uliojazwa upepo. Rangi yake sikuwahi kuiona kwa mtu aliye hai. Weusi ulikuwa umepanda kutoka kwenye unyayo mpaka juu ya kifundo, na juu ya weusi mistari myekundu ilikuwa inaelekea gotini. Pale chini lakini, katikati ya unyayo, gundi yangu ilikuwa imekaa imara, haijabanduka hata ukingo.

Shemeji aliweka mkono mdomoni. Kisha akanigeukia.

“Siku ngapi?”

“Ya nne.”

“Siku nne, wewe mwanamume! Siku nne unaangalia mguu wa dada yangu unaiva?”

Tulimpakia kwenye mkokoteni wa kubebea maji, tukatandika godoro. Barabara bado ilikuwa na maji. Shemeji alivaa mifuko ya plastiki juu ya viatu vyake, akaifunga kwa kamba, akanishurutisha nami nivae. Tulisukuma. Tulipopita mbele ya ofisi ya mtaa, Mwenyekiti alikuwa amesimama barazani anatazama maji.

Nikamwangalia miguuni. Alikuwa amevaa mabuti ya mpira. Mapya, ya kijani, lebo ya karatasi bado inaning'inia pembeni.

Nilisimama. Mkokoteni ukanizidi nguvu, ukarudi nyuma kidogo.

“Shikilia, shemeji,” alisema mdogo wa mke wangu. “Na mimi nimeona. Shikilia.”

“Poleni jamani!” Mwenyekiti alitupigia kelele. “Mama Funguo anaumwa? Aniachie funguo basi!”

Mke wangu, na homa ile ile, alifungua kamba kiunoni. Shemeji akazichukua zile funguo, akazirusha. Hazikufika barazani. Zilitumbukia majini, na tukaendelea kusukuma. Nyuma yetu nikamsikia anashuka ngazi kuzitafuta, polepole, kwa vile alikuwa na mabuti.

Hospitalini tulipokewa na daktari wa kike, kijana, uso umechoka. Chumba kilikuwa kimejaa miguu. Wallahi, sijui niseme vipi vinginevyo: miguu iliyokatwa na chupa, miguu iliyochomwa na mabati, miguu ya watoto, wote watu wa maji yale yale. Aliugeuza unyayo wa mke wangu, akautazama, akausogeza karibu na taa. Akagusa kwa kucha.

“Hiki ni nini?”

Akakigusa tena.

“Ni gundi hii? Nani ameziba hapa?”

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote tayari, ya mabuti, ya Mwenyekiti, ya mtaro. Hilo moja halikuwamo.

“Mimi mwenyewe, daktari,” mke wangu alisema kutoka kwenye machela. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Nilidhani itasaidia.”

Daktari alitikisa kichwa. Hakumgombeza, na bora angemgombeza. “Mama, maji ya mafuriko ni uchafu mtupu. Jeraha lake halizibwi. Unaliosha kwa maji safi yanayotiririka, na sabuni, muda mrefu, unaliacha wazi, unakuja siku hiyo hiyo uchomwe sindano. Hapa umefungia uchafu ndani, ukafunika na mfuniko. Mguu umepikika humo.”

Alipoibandua gundi kwa kibano, ilitoka nzima, kama kizibo. Kilichofuata sitakiandika. Shemeji alitoka nje. Mimi sikuweza hata kutoka.

Walisema mguu ukatwe. Mke wangu akakubali, akaweka dole gumba kwenye karatasi. Wakati wakimwandaa nikamshika mkono.

“Kwa nini umesema ni wewe?”

“Ungesema nini wewe?” alinijibu. “Wangekutoa nje. Nilitaka uwepo.”

Waliukata mguu mchana. Lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu, imepanda juu zaidi ya msumeno wao. Aliishi mpaka saa nne asubuhi ya kesho yake. Nilikuwepo.

Tulimzika siku ya Jumanne. Wiki moja na nusu baadaye, mgeni rasmi akapata nafasi.

Nilikwenda. Nilikwenda kwa sababu Mwenyekiti alituma mtu kuniambia kwamba jozi ya kwanza nitakabidhiwa mimi, kwa heshima ya marehemu. Usiku na mchana nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kama misumari kwenye kopo, kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Viti vilipangwa kwenye uwanja wa shule. Ardhi ilikuwa bado tope. Watu walijaa, wengi peku, viatu mkononi.

Mwenyekiti alishika kipaza sauti. Alisema tumempoteza mfanyakazi hodari aliyejitoa mhanga kulinda mali ya wananchi. Watu wakapiga makofi. Nikaitwa. Mgeni rasmi akanipa mabuti, tukageuzwa kwa mpiga picha, kisha Mwenyekiti akaninyooshea kipaza sauti niseme asante.

Nikawatazama wale watu na viatu vyao mkononi, vikavu, wananiinulia. Wengine walikuwa wanatabasamu, kunipa pole kwa namna yao. Misumari yangu yote ikamwagika.

“Vaeni viatu,” nilisema. “Vaeni hivyo viatu! Vilowe. Gundi ikiachia nitabandika, mguu siwezi kubandika. Na ukichomwa na kitu kwenye maji haya, usitie gundi. Mke wangu hakujiziba mwenyewe. Ni mimi. Nilimziba mimi, kwa kijiti, nikapuliza.”

Shemeji, aliyekuwa mstari wa mbele, alinitazama kama vile nimemzaba kofi. Yeye naye alikuwa hajui.

Nikamwona Mwenyekiti anashusha mabega, mtu aliyetuliwa mzigo. Aliunyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Sikukiachia.

“Hilo ni langu na nimelibeba,” nilisema. “Sasa la kwako. Nani alimwambia avuke peku mara thelathini, na mabuti yako kichwani?”

Kipaza sauti kikakatika. Sijui nani aliuvuta waya. Lakini katika kile kimya mwanamke mmoja katikati ya watu alikuwa amekaa chini kwenye tope, anafungua kitambaa mguuni kwa haraka, vidole vinamkwama. Ni mama muuza maandazi wa jirani na kibanda changu.

“Fundi,” aliita. “Fundi, mimi pia nimetia. Juzi. Gundi ile ya kwenye kopo lako. Si nakuonaga wewe kila siku unatia vidoleni?”

Nilitupa yale mabuti nikamkimbilia. Kisigino chake kilikuwa kimevimba, chekundu, na juu yake gundi inang'aa. Lakini wekundu ulikuwa bado haujapanda.

Gari lililokuwa karibu lilikuwa moja tu, la mgeni rasmi, jeupe, injini inaunguruma. Mimi na shemeji tulimnyanyua yule mama, huku na huku, tukampeleka mlangoni. Mgeni rasmi alisogea pembeni. Mwenyekiti akatuwahi, mikono juu.

“Viti jamani! Viti vya mheshimiwa, matope hayo!”

Shemeji alimgeukia. Hakupaza sauti.

“Vua shati lako utandike.”

Mwenyekiti akamtazama mgeni rasmi. Mgeni rasmi akamtazama yeye. Watu walikuwa wameshatuzunguka, mia na kitu, na hakuna aliyecheka. Akaanza kufungua vifungo. Kifungo cha kwanza kilimchukua muda mrefu.